Gundi ya ndevu: ya kubandika niliuziwa, ya kubandulia nikaambiwa "sabuni si unayo?"

Nianze na muuzaji, maana mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka. Ni duka la vipodozi hapa Mwanga, Kigoma, jina sitaji. Nilitafuta gundi ya kubandikia ndevu za bandia, kijana wetu alikuwa anaigiza babu. Akanitolea kichupa cha spiriti gamu. Nikauliza, dawa ya kubandulia iko wapi?

"Dada, sabuni si unayo?"

Nikamweleza kwamba gundi hii ni utomvu wa miti ulioyeyushwa kwenye spiriti, sabuni na maji haviiwezi. Akamgeukia mteja mwingine: "Wasanii wa siku hizi wote wakemia." Watu wakacheka. Kisha akaniapia kwamba hii ni toleo jipya, maji yanaitoa. Igizo lilikuwa limeshafika na duka jingine halikuwa nayo, nikalipa.

Kwa haki ya Mungu, kubandika inabandika. Unapaka kidogo kwa brashi yake, unagusagusa kwa ncha ya kidole mpaka ianze kuvutika nyuzinyuzi, ndipo unakandamiza nywele. Ukumbi ni wa mabati, feni hakuna, kijana jasho linamtiririka mpaka kifuani, na ndevu hazikucheza. Usiku ule ningeisifia gundi hii kwa kila mtu.

Kazi ikaja kwenye kunawa. Maji yalipita juu yake kama juu ya jani la mgomba. Mwenzetu mmoja akakimbilia asetoni ya kutolea rangi ya kucha, nikamzuia, pua na mdomo viko palepale. Tukaishia kwenye mawese. Tumeyapasha yakawa vuguvugu, tukachovya pamba, tukaanza pembeni, taratibu, unywele kwa unywele. Kidevu kikawa rangi ya chungwa hadi shingoni, na chini ya mdomo ngozi ikabaki nyekundu, imechubuka. Mtoto wa watu alivumilia huku machozi yanamtoka.

Nikarudi dukani na picha kwenye simu. Hakuiangalia hata sekunde. "Kwani brashi nilikushikia mimi?" Halafu akainama chini ya meza, akatoa chupa ya dawa ya kubandulia. Ipo! Wakati wote ilikuwepo! Anaiuza peke yake, ghali kuliko gundi yenyewe.

Kwa hiyo zile sifa nilizotoa hapo juu nazipunguza. Hapana, nazifuta. Gundi ni nzuri, ila mkononi mwa mtu yule ni hatari, na mimi kwake sirudi.

Anayekuja na treni kutoka Dar aniletee chupa zote mbili, pesa nitatuma. Au kama kuna mwenye Pros-Aide hapa mjini, ile gundi nyingine ya maji, nyeupe ikiwa mbichi na ikikauka haionekani, anishtue. Nayo nataka na ya kubandulia. Igizo linarudiwa karibuni, na babu bado anahitaji ndevu.