CPAT: mtihani wa zimamoto unaopima miguu na kusahau joto

Ukiomba kazi ya zimamoto katika miji mingi ya Marekani, utaambiwa kwanza ulete cheti cha CPAT, yaani mtihani wa uwezo wa mwili kwa waombaji. Mtihani huu uliandaliwa kwa pamoja na chama cha wafanyakazi wa zimamoto, IAFF, na kile cha wakuu wao, IAFC. Hauna alama. Ukimaliza vituo 8 ndani ya dakika 10 na sekunde 20, umefaulu, ukizidisha, umefeli.

Unavaa kizibao cha ratili 50, karibu kilo 23, badala ya mavazi ya moto na mtungi wa hewa. Juu yake kofia ngumu na glovu za kazi.

Kituo cha kwanza ndicho kinachotisha, na kwa haki. Unaongezwa ratili 25 mabegani, jumla kilo 34, kisha unapanda mashine ya ngazi: sekunde 20 za kupasha mwili, halafu dakika 3 kwa mwendo wa hatua 60 kwa dakika. Hizo ni hatua 180. Kugusa reli kidogo ili usiyumbe kunaruhusiwa. Ukiishikilia unaonywa, na kosa la tatu linakufelisha. Ukishuka saa ikishaanza, mtihani umeishia hapo. Waliojiandaa kwa kukimbia barabarani peke yake hufika na mapafu mazuri na mapaja yasiyozoea mzigo. Wengine hukanyagia vidole, na dakika ya pili haijaisha mashavu ya miguu yameshakaza. Kanyaga unyayo mzima, inua kifua, usiinamie mashine.

Ukishuka, umebakiwa na kama dakika 7. Kati ya kituo na kituo kuna futi 85 za kutembea, na kukimbia hapo ni marufuku. Mwendo huo ukijumlishwa unakula zaidi ya dakika 2, kwa hiyo vituo 7 vinagawana kama dakika 5. Tumia matembezi hayo kurudisha pumzi. Yamewekwa kwa kazi hiyo.

Kwenye kituo cha kuburuta mpira wa maji unaruhusiwa kukimbia, basi kimbia. Sehemu ngumu ni pale unapopiga goti na kuuvuta futi 50: anayetumia mikono peke yake huchoka kabla ya misumeno miwili anayobeba kituo kinachofuata. Vuta kwa mgongo na nyonga. Kwenye ngazi ya futi 24, ambayo unaisimamisha kisha unairefusha kwa kamba, shika kila kipago kwa zamu bila kuruka hata kimoja, na kamba usiiachie iteleze mkononi. Nyundo ya ratili 10 haihitaji hasira. Pigo fupi lililonyooka katikati ya shabaha linafanya kazi kuliko pigo kubwa la pembeni. Handaki la giza la futi 64 ni la kutambaa tu, ila mwenye hofu ya mahali pafinyu ajijue mapema.

Sanamu ya mtu ya ratili 165 huvutwa futi 35, unazunguka pipa, unarudi. Wengi hukwama kwenye pipa kwa sababu wanasimama. Kona pana bila kusimama ni nafuu kuliko kuuanzisha mzigo upya. Mwisho ni dari: kwa mti wa kulabu, sukuma mara 3, vuta mara 5, raundi 4. Mabega yakiwa yamekwisha, ning'iniza uzito wa mwili kwenye mti huo.

Kama kipimo cha nguvu, ni mtihani wa haki na unafanana na kazi yenyewe. Upungufu wake ni kizibao. Kinapitisha hewa, jasho linakauka. Mavazi kamili yanalifungia jasho ndani na joto la mwili linapanda hata bila moto. Barakoa nayo hubana pumzi, na buti nzito huongeza kazi kwa kila hatua. Ndiyo maana mwenye cheti anaweza kuishiwa nguvu wiki ya kwanza ya chuo cha zimamoto. Akishafaulu, aendelee na ngazi na uzito, na azoee joto polepole akiwa na maji na mwenzake karibu. Kujifunga nailoni ili kutoa jasho si mazoezi, ni njia ya kuzimia.