Kuzuia jua la dirishani: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 linalotazama magharibi hupokea nguvu ya jua ya karibu wati 1,000 ifikapo saa 10 alasiri, siku isiyo na mawingu. Kioo kitupu hupitisha kama asilimia 80 ya nguvu hiyo. Ni sawa na kuwasha pasi sebuleni alasiri nzima, kisha kushangaa kwa nini feni inapuliza fukuto.

Swali la kwanza kwa kifaa chochote ni hili: kinalikamata jua upande gani wa kioo? Miale ya jua hupenya kioo bila taabu, lakini joto linalotolewa na pazia, kochi au sakafu iliyokwisha kupata moto halipenyi kurudi nje. Ingiza kiganja kati ya pazia na kioo saa 9 alasiri uone. Pazia limegeuka hita, na hewa ya moto inapanda na kumwagika chumbani kupitia uwazi wa juu. Kwa hiyo orodha hii inaanzia nje na kuingia ndani.

Anza na dirisha, duka baadaye

Usinunue vya nyumba nzima kwa mkupuo. Wakosaji wakubwa ni madirisha ya mashariki na magharibi, kwa kuwa jua likiwa chini hupita chini ya upenu. Jua lililo nyuzi 60 juu ya upeo wa macho, likitazamana na ukuta, hufanya upenu wa sentimita 60 utupe kivuli cha zaidi ya mita 1. Likishuka hadi nyuzi 30, kivuli hicho kinabaki sentimita 35 tu. Kurefusha upenu upande wa magharibi ni kupoteza mabati. Huko panahitajika kitu kinachosimama wima mbele ya kioo.

1. Kivuli cha nje

Shata zenye vibao vya mlalo ndizo bora kuliko vyote: zinafungwa jua likiwa kali huku upepo ukiendelea kupita. Gharama yake ndiyo inayowashinda wengi. Kanopi ya turubai inafuata. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba inaweza kupunguza joto la jua kwa hadi asilimia 77 kwenye dirisha la magharibi. Acha mwanya kati ya kanopi na ukuta, la sivyo hewa ya moto inajikusanya chini yake na kuingia ndani dirisha likifunguliwa.

Kwa fedha kidogo, wavu wa kivuli unaotumika kwenye vitalu vya miche unafanya kazi nzuri ajabu. Chagua wenye kivuli cha asilimia 80 hadi 90, uliotiwa dawa ya kuhimili jua, na uliofumwa kwa vifundo kama sweta. Ule uliosukwa kama mkeka huanza kuchanuka mara tu unapokatwa. Kata ukiacha sentimita 10 za ziada kila upande, kunja pindo mara mbili, kisha piga vijicho vya chuma (pete za kupitishia kamba) kila sentimita 30. Ufunge kwa kamba ya mpira. Kamba ngumu haina mnyumbuko, na upepo mmoja wa nguvu utang'oa vijicho vyote. Uache wavu umbali wa sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye kioo ili hewa ipande katikati na kuondoka na joto.

Rangi nyeusi haina ubaya hapa, maana joto linaishia nje, tena ukiwa ndani utaona mandhari vizuri kuliko kupitia wavu mweupe, ambao hung'aa machoni. Dirisha la chumba cha kulala liwe na upande unaofunguka haraka. Moto ukizuka hakuna wa kutafuta kisu.

2. Filamu ya kioo

Ukiwa mpangaji wa ghorofa usiyeruhusiwa kugusa ukuta wa nje, filamu (wengi huiita tinti) ndiyo chaguo lako. Hapa ndipo wateja wanapopunjwa zaidi.

Muuzaji atakuonyesha taa ya moto nyuma ya kipande cha filamu na kutamba kwamba inazuia asilimia 97 ya infraredi, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Huenda ni kweli kwa sehemu ndogo ya miale aliyochagua kuipima. Karibu nusu ya nishati ya jua imo kwenye mwanga unaoonekana, na hiyo taa yake haiigusi. Uliza namba mbili tu. TSER ni asilimia ya nishati yote ya jua inayozuiwa, na VLT ni asilimia ya mwanga unaopita. Halafu kumbuka kwamba kioo kitupu cha milimita 6 tayari kinazuia karibu 18. Filamu yenye TSER 35 inapunguza joto linaloingia kwa takriban moja ya tano tu. Yenye 60 inalipunguza kwa nusu. Chini ya 50, bora uhifadhi fedha zako.

Weusi wa filamu si kipimo cha ubora. Filamu ya rangi tupu hunywa joto, kioo kinachemka, na baada ya miaka michache inageuka zambarau. Ya kauri hukuachia mwanga zaidi. Ya kung'aa kama kioo cha kujitazamia huzuia sana na hukufanya usionekane mchana, lakini usiku taa zikiwaka mambo yanageuka: wa nje anakuona wewe, na wewe unajiona mwenyewe.

Kagua kioo kabla ya kulipa. Chenye waya ndani, chenye ufa pembeni, au cha tabaka mbili (vioo viwili vyenye uwazi katikati) kinaweza kupasuka, kwa sababu katikati inapata moto huku ukingo uliofichwa ndani ya fremu ukibaki baridi. Ufa wa namna hiyo huanzia ukingoni, ukiwa wima kwake. Kwa kioo cha tabaka mbili, taka maandishi ya mtengenezaji kwamba filamu hiyo inakifaa.

Ukibandika mwenyewe, fanya hivyo asubuhi kioo kikiwa cha baridi. Lita 1 ya maji na matone machache ya shampuu ya watoto yanatosha; sabuni ikizidi, gundi haishiki. Kwangua kioo kizima kwa wembe mpya, kwani chembe moja ya mchanga itabaki ikionekana kama chunusi. Lowesha kioo, lowesha upande wa gundi, kandamiza kwa kifuta maji cha mpira kutoka katikati kwenda pembeni, na uache milimita 1 hadi 2 kabla ya fremu. Vilengelenge vya maji vitakauka vyenyewe. Usioshe kwa siku 30, na usitumie dawa yenye amonia.

3. Blaindi na mapazia

Chagua kwa rangi ya upande unaotazama kioo: nyeupe au ya fedha. Blaindi za kurudisha mwanga zikifungwa kabisa hupunguza joto kwa karibu asilimia 45, na mapazia yenye mgongo mweupe wa plastiki kwa takriban theluthi moja. Yabane pande zote, hasa juu. Pazia zito la rangi nzito linaleta giza, na joto linabaki palepale.

Karatasi ya alumini ya jikoni iliyobandikwa kwenye kioo ni ya dharura ya siku mbili. Tepu yake itakupa kazi ya wembe.

4. Kioo kipya

Inafaa tu kama fremu zinabadilishwa kwa sababu nyingine. Chukua cha tabaka mbili, na utafute SHGC (sehemu ya joto la jua inayopita kioo) ya 0.30 au chini. Utando unaorudisha joto la jua unatakiwa ukae ndani ya uwazi kati ya vioo viwili, kwenye kioo cha nje. Fundi akigeuza kioo, sehemu ya joto inaishia kwenye kioo cha ndani. Kabla hajapaka silikoni, simama nje na kiberiti cha gesi, washa karibu na kioo. Utaona miali minne ikiakisiwa kiooni. Mmoja una rangi tofauti, nao uwe wa pili kutoka upande wako.