Probayotiki ya mbwa: nimeuziwa maiti wa bakteria

Pakiti za unga huu wa kutuliza tumbo zilipangwa dukani kwenye kabati la kioo linalopigwa jua la saa tisa alasiri, na Dar es Salaam hii mnaijua. Mgongoni mwa kila pakiti imeandikwa: weka pakavu, pasizidi nyuzi 25. Nilipomwonyesha muuzaji, hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Kaka, huyo ni mbwa, si mtoto wako." Ningeondoka. Nikanunua, maana mbwa alikuwa anaharisha tangu jana yake.

Kufungua nyumbani, madonge. Unga huu ni bakteria hai waliokaushwa, mara nyingi Enterococcus faecium. Ukiingia unyevu na joto wanafia humo humo ndani ya pakiti. Mbwa anabaki kulamba ladha ya maini kwa bei ya dawa. Siku tatu, pakiti moja kwa siku, choo ni maji tu.

Pakiti nyingine nikatoa duka lenye kiyoyozi. Unga unamiminika kama chumvi kavu. Kipimo kile kile, juu ya wali na kuku wa kuchemsha bila ngozi wala kitunguu, chakula kikishapoa. Ukiunyunyiza kwenye chakula cha moto umewaua mwenyewe, hapo usimlaumu mtu. Siku ya pili choo kikaanza kushikana.

Kwa hiyo nyota tano? Ngoja. Mbwa mzima mwenye tumbo la kawaida hupona mwenyewe ndani ya siku chache, na hii ilikuwa siku ya tano. Pengine ni wali. Pengine hata kwenye yale madonge walisalia wachache... hapana, hilo simpi yule jamaa.

Kama mbwa yuko kwenye antibayotiki, acha saa mbili hivi kati ya dawa hiyo na probayotiki, au tafuta yenye Saccharomyces boulardii: hiyo ni hamira, antibayotiki haiigusi. Probayotiki za binadamu soma kwanza kilichomo. Xylitol, ile sukari mbadala, ni sumu kwa mbwa. Na mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu huyo inaweza kuwa parvo, ugonjwa hatari wa virusi, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, anahitaji dripu.

Madonge yaliyobaki niliyarudisha. Akaniuliza, mbwa kapona? Nikasema kapona.

"Sasa unadai nini?"

Nyota moja. Ya kabati.