Uzoefu wangu: vichezeo vya raba vya kutafuna kwa mbwa mlinzi na mtoto wa mbwa

Nafuga mbwa wawili hapa Arusha: Bosi, dume wa aina ya German Shepherd mwenye uzito wa kilo 36, ambaye hulinda usiku na kushinda bandani mchana, na Popi, jike mchanga ambaye bado anabadilisha meno. Nimewapa vichezeo vya kutafuna vya kila namna, vya dukani na vya kujitengenezea, na vilivyosalia nyumbani kwangu hadi leo ni vya raba vya KONG, cheusi cha Bosi na cha waridi cha Popi. Tathmini hii inahusu hivyo viwili, lakini siwezi kueleza ubora wake kabla ya kueleza kipimo nilichovipimia, kwa sababu wafugaji wengi, na hata baadhi ya wauzaji, huamini kwamba kichezeo kigumu kuliko vyote ndicho kinachodumu na ndicho kinachomfaa mbwa mwenye taya kali. Imani hiyo huvunja meno ya mbwa, na ningependa kila mwenye mbwa aiache.

Mbwa aliyekomaa ana meno 42, na yanayobeba kazi kubwa zaidi ya kutafuna ni magego makubwa ya pembeni, hasa lile la juu ambalo hupishana na lenzake la chini mithili ya makali ya mkasi. Mbwa anapobana kitu kisichobonyea hata kidogo, nguvu ya taya hulirudia jino lenyewe, na mara nyingi kipande cha ubavuni hubanduka na kuacha wazi kiini chenye neva na mishipa ya damu. Tabaka gumu linalofunika jino la mbwa lina unene usiofika milimita 1, jembamba kuliko la jino la binadamu, kwa hiyo ukali wa taya zake usitudanganye kuhusu uimara wa meno yenyewe. Jambo linaloniumiza ni kwamba mbwa huficha maumivu: huendelea kula, hutafunia upande mmoja, na mwenye mbwa hugundua tatizo pale uvimbe unapotokeza chini ya jicho, kwa kuwa mizizi ya gego hilo la juu iko karibu na hapo. Ikifikia hatua hiyo hubaki kung'oa jino chini ya dawa ya usingizi, au kutibu mzizi pale penye mtaalamu na vifaa.

Ndiyo maana dukani naanza na kucha ya kidole gumba. Nakandamiza kichezeo kwa nguvu, na kama kucha haiachi alama wala kitu hakibonyei, nakirudisha. Madaktari wa mifugo wana kipimo kingine nilichokipenda kwa urahisi wake: kama usingekubali kugongwa goti na kitu hicho, usimpe mbwa akitafune. Vitu vingi vinavyouzwa kwa ajili ya mbwa havipiti hapo: kwato za ng'ombe zilizokaushwa, vipande vya pembe, na mifupa ya nailoni ngumu iliyotiwa harufu ya nyama. Ule wa nailoni niliujaribu kwa Bosi. Haukuvunjika, lakini ncha zake zilichakaa zikawa na miba midogo midogo yenye kuchoma fizi, nami nikauondoa.

Mfupa kutoka bucha unastahili neno la peke yake, kwa sababu ndio ambao karibu kila nyumba huutoa bila kufikiri. Mfupa uliopikwa hukauka na kupasuka vipande vyenye ncha kali, na ule wa uboho uliokatwa kama pete unaweza kuzunguka taya ya chini ya mbwa ukakwama hapo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliwaonya wafugaji mwaka 2010 kwamba mifupa si salama kwa mbwa, hata iwe mikubwa kiasi gani, ikataja meno kuvunjika, majeraha ya mdomo na ulimi, na mfupa kukwama kooni au tumboni. Najua wapo watakaosema kwamba mbwa wa babu walikula mifupa wakazeeka. Mimi nawauliza tu kama kuna aliyewahi kuwafunua midomo mbwa hao na kuyahesabu meno yao.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi, nayo inawahusu sana mbwa walinzi wa kwetu wanaofungiwa mchana kutwa. Mbwa aliyechoshwa na upweke huanza kutafuna nondo au wavu wa banda, na chuma kile hula upande wa nyuma wa machonge mpaka yanadhoofika na kukatika. Bosi alikuwa ameanza tabia hiyo, na ndiyo hasa iliyonisukuma kutafuta kichezeo cha maana. Kutafuna ni haja ya mbwa, na usipomchagulia kitu cha kutafuna atajichagulia mwenyewe.

Upande wa pili ni vitu laini mno. Vichezeo vya kitambaa vyenye kifaa kinachotoa mlio ndani hupasuliwa upesi, na kile kifaa cha plastiki humezwa. Kamba za kusokota hutoa nyuzi ndefu, na uzi mmoja ukinasa mahali fulani huku sehemu nyingine ikivutwa na mwendo wa utumbo, utumbo hujikunja na unaweza kukatwa, jambo linalohitaji upasuaji wa haraka. Kamba sasa naitumia kwa kuvutana na Bosi tu, kisha naiweka kabatini. Mpira wa tenisi unafaa kurushwa na kurudishwa, si kutafunwa, kwa kuwa manyoya yake hushika mchanga na kusaga meno taratibu. Ndala kuukuu hunyofoka vipande vya kumezwa. Vipande vya tairi la gari, ambavyo watu huviona kuwa raba ya bure, ndani yake mna nyuzi za chuma.

Sasa nije kwenye KONG yenyewe. Historia yake inaeleza vizuri kwa nini inafaa. Miaka ya 1970 huko Colorado, Marekani, Joe Markham alikuwa na German Shepherd aitwaye Fritz aliyekuwa na tabia ya kutafuna mawe hadi kuyaharibu meno yake. Markham alipokuwa akitengeneza gari la Volkswagen alimrushia kipande cha raba kilichotoka kwenye mfumo wa kufyonza mishtuko, na Fritz akakipenda kuliko mawe. Umbo la kichezeo cha leo, lenye vivimbe vitatu na uwazi katikati, limetokana na kipande hicho. Ukikibana kwa vidole raba inabonyea na kurudi, na ndivyo inavyofanya mdomoni mwa mbwa: jino linaingia kidogo, nguvu inafyonzwa, na raba haiachi kipande.

Rangi zake hutofautisha ugumu wa raba. Ya waridi au buluu ni laini kwa watoto wa mbwa, nyekundu ni ya mbwa wa kawaida, na nyeusi ni ya mbwa wenye kutafuna kwa nguvu. Ukubwa huchaguliwa kwa uzito: ule wa L ni wa mbwa wa kilo 13 hadi 30, na XL wa kilo 27 hadi 41. Ukiwa njia panda kati ya saizi mbili, chukua kubwa, kwa kuwa kichezeo kinachoweza kupita nyuma ya magego kinaweza kuziba koo. Kitu kingine cha kuangalia ni matundu. KONG ina tundu upande huu na upande ule, na hilo si pambo, kwani kichezeo chenye uwazi ndani na tundu moja tu kinaweza kuvuta hewa na kuunasa ulimi wa mbwa ukavimba.

Faida kubwa zaidi nimeipata kwa kukijaza. Asubuhi Bosi anaporudi bandani nampa kikiwa kimejaa ugali wa dona uliochanganywa na dagaa waliochemshwa bila chumvi, uliogandishwa kwenye friza tangu jana yake. Anakilamba na kukitafuna kwa muda mrefu, kisha analala, na nondo za banda ameziacha. Wakati mwingine naziba tundu dogo kwa siagi ya karanga. Hapa lazima nisisitize: someni kwanza lebo ya kopo, kwa sababu baadhi ya siagi za karanga hutiwa zailitoli badala ya sukari, na zailitoli hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na inaweza kuharibu ini. Ile inayosagwa kwa karanga tupu ndiyo salama. Mabaki ya mchuzi wenye vitunguu pia yasiingizwe humo, kwani vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Matunzo yake yanadai nidhamu. Mabaki ya ugali ndani huita sisimizi na kuchacha upesi, kwa hiyo kila kinapokwisha kulambwa nakisugua kwa brashi ya chupa na maji ya moto yenye sabuni. Sikiachi juani wala sikiachi na mafuta, kwa sababu jua huifanya raba asilia ipasuke nyufa na mafuta huilegeza.

Bei ni kubwa kuliko ya vichezeo vya kawaida, lakini cheusi cha Bosi kimedumu kuliko vingine vyote nilivyovinunua vikijumlishwa. Jihadharini na vya kuiga vinavyouzwa kwa bei ya chini: nilichowahi kukinunua kilinuka kemikali na kunyofoka siku ileile. Sheria za usalama wa vichezeo za Marekani na Umoja wa Ulaya zimetungwa kwa ajili ya vichezeo vya watoto, si vya mbwa, kwa hiyo maneno yaliyoandikwa kwenye pakiti hayawezi kuchukua nafasi ya macho yako. Watengenezaji wa KONG wenyewe husema hakuna kichezeo kisichoharibika. Mimi hukikagua kwa kukinyoosha na kutazama nyufa, na nikiona kipande kimetoka nakitupa, hata kama kilichobaki kinaonekana kizuri.

Popi akimaliza kubadilisha meno, yaani atakapokuwa na umri wa miezi 7 hivi, nitampatia chekundu kwanza, si cheusi, kwa kuwa raba nyeusi haibonyei vya kutosha kwa mbwa asiye na taya za kuihitaji. Kile cha waridi nitakitupa, sitampa jirani mwenye mbwa mkubwa, maana raba ile laini haiwezi kuhimili meno ya kudumu.