Ziara ya Coburg: kasri na ngome ya mtemi aliyeng'olewa 1918

Ukitaka kuelewa jinsi watemi (watawala wa majimbo) wa Ujerumani walivyopoteza enzi zao katika mapinduzi ya Novemba 1918, nenda Coburg, kaskazini mwa Bavaria. Mtawala wa mwisho hapa alikuwa Carl Eduard, mjukuu wa Malkia Victoria, mzaliwa wa Uingereza aliyerithi utemi wa Saxe-Coburg na Gotha mwaka 1900 akiwa na miaka 16. Majengo yake mawili, kasri la mjini na ngome ya mlimani, yanamalizika kwa siku moja, ila lazima ujue uanzie wapi.

Anza na kasri la Ehrenburg, pale uwanja wa Schlossplatz. Huruhusiwi kuzunguka peke yako. Unafuatana na kikundi na mwongozaji kwa karibu saa moja, kwa kawaida kwa Kijerumani. Ulizia maelezo ya maandishi unapokata tiketi, kwa sababu kikundi kikishaingia hakuna kurudi nyuma. Jumatatu pamefungwa. Wanaopanda ngomeni kwanza ndio hukosa ziara ya mwisho.

Ndani, chumba cha kukitazama kwa makini ni kile cha enzi. Kimeigwa kutoka chumba cha Napoleon katika kasri la Tuileries, Paris, lililoteketea 1871, kwa hiyo unaona kitu ambacho Paris kwenyewe hakipo tena. Katika Ukumbi wa Majitu, sanamu 28 zimejipanga kutani zikibeba dari, kila moja na taa mkononi. Choo cha mbao ya mahogani alichowekewa Victoria huwavutia wageni wengi, lakini kwa habari za 1918 hakikusaidii.

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 9 Novemba baraza la wanamapinduzi, wafanyakazi na askari, huko Gotha, mji mkuu wa pili wa utemi huo, lilitangaza kwamba mtemi ameondolewa. Siku chache baadaye ikatangazwa bungeni kwa niaba yake kwamba ameacha kutawala. Coburg wakapatana naye mwaka 1919: alilipwa marki milioni 1.5, mali nyingi za sanaa zikaingia katika taasisi ya umma, naye akabaki na haki ya kuishi ngomeni. Gotha walimnyang'anya mali kwa sheria, na mahakama kuu ya Ujerumani ikaibatilisha 1925. Kiti kilikwenda, utajiri ukabaki, na fedha hizo na jina lake vikaja kuwafaa Wanazi, aliojiunga nao waziwazi. Yeyote anayezuru hapa bila kulijua hili ameona nusu tu.

Kisha panda Veste Coburg, ndiyo ngome yenyewe, kupitia bustani ya Hofgarten. Ngazi zinaanzia kwenye matao ya Schlossplatz. Kwa miguu ni kama nusu saa, kupanda mlima tu, na majani yaliyoloa huteleza wakati wa vuli. Vaa viatu vyenye meno. Ngome ilikarabatiwa upya kwa amri ya Carl Eduard kuanzia 1909 hadi 1924, kwa hiyo kazi ilimalizika yeye akiwa raia wa kawaida. Makusanyo ya silaha, glasi za Venice na picha za mchoraji Cranach yanahitaji saa mbili kamili. Wamarekani walimkamata humuhumu 1945.

Kwa usafiri, hakikisha treni yako inasimama Coburg: nyingi za mwendo kasi kati ya Nürnberg na Erfurt hupita tu. Treni za kawaida kutoka Bamberg ndizo za uhakika. Mwenye siku ya pili aende Gotha, kasri la Friedenstein.