Magari ya kifahari yaliyotumika: nayapanga kwa hatari zisizoonekana

Gari la kawaida likiugua hupiga kelele. Linagonga kwenye mashimo, usukani unatetemeka, harufu ya petroli inaingia ndani. Gari la kifahari limeundwa ili dereva asisikie lolote kati ya hayo. Vioo vinene, viti vinavyomeza mtikisiko, bodi iliyojazwa sponji za kuzuia sauti: vitu hivi ndivyo vinavyokufanya ulipende, na ndivyo vinavyokufichia breki inayokufa.

Binamu yangu alinunua sedani ya Kijerumani yenye umri wa miaka tisa. Rangi inang'aa, ngozi ya viti haina mkwaruzo. Siku aliyoniletea nilizungusha ufunguo nikatazama dashibodi, nikaona taa ya mifuko ya hewa haiwaki. Wengi hudhani hiyo ni dalili njema. Sivyo. Taa hiyo lazima iwake unapofungua swichi, ikae sekunde chache, kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, ama imekufa au kuna mtu ameizima. Fundi alifungua kifuniko cha usukani, ndani mkawa mtupu. Aliyelifufua gari hilo baada ya ajali alinunua kifuniko kipya tu. Watoto wa binamu yangu walikuwa wamekwisha safiri nalo miezi minne.

Kwa hiyo orodha hii sikuipanga kwa mwendo wala heshima ya nembo. Nimeuliza maswali mawili kwa kila gari. Hitilafu yake inayojulikana ikikupata ukiwa barabara kuu, itakufanya nini? Na je, unaweza kuigundua kabla hujatoa pesa?

Kwanza kabisa, mifuko ya hewa ya Takata

Jambo hili linapita katika chapa karibu zote, hivyo linatangulia orodha. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia kemikali ya amonia nitrati kujaza mifuko ya hewa kwa kishindo. Joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu kemikali hiyo. Siku ya ajali, hata ajali ndogo, inawaka kwa nguvu kupita kiasi, mtungi wa chuma unapasuka, na vipande vinaruka usoni na shingoni. Marekani peke yake iliitisha mitungi ipatayo milioni 67 ibadilishwe, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Mifuko hiyo iliingia kwenye BMW, Mercedes-Benz, Audi, Lexus, Jaguar, Land Rover, hata Ferrari. Mwezi Mei 2023 BMW iliwaonya wamiliki wa magari yapatayo 90,000 nchini Marekani, ya miaka 2000 hadi 2006, wasiyaendeshe kabisa mpaka mfuko ubadilishwe.

Gari likitoka nchi moja kwenda nyingine, barua ya mtengenezaji ya kumwita mwenye gari hubaki nchi ya kwanza, kwa anwani ya mwenye gari wa kwanza. Hitilafu inasafiri, onyo linabaki. Hivyo kazi ya kuliuliza gari ni yako. Chukua namba ya chasisi, ile ya tarakimu na herufi 17, uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji au umpelekee wakala wake, uulize: gari hili lina wito wowote wa marekebisho ambao haujafanyiwa kazi? Kwa kawaida marekebisho ya namna hiyo hayalipiwi. Isome namba hiyo mwenyewe kwenye bodi na chini ya kioo cha mbele, usiipokee kwa ujumbe wa muuzaji. Magari ya Kijapani yaliyouzwa kwanza Japani yana namba fupi zaidi, yenye kistari katikati, na mifumo mingi ya nje ya Japani haiitambui. Hayo uyaulizie kwa mtengenezaji huko huko Japani.

1. Lexus yenye springi za chuma

ES na RX zenye injini isiyo na tabo (turbo) na springi za kawaida ndizo ningempa ndugu yangu leo. Hazina vitu vingi vya kufa ghafla. Hata hivyo si malaika. Kuanzia mwaka 2020 Toyota iliita mamilioni ya magari, Lexus nyingi zikiwamo, kwa sababu ya pampu ya mafuta: feni yake ya plastiki huvimba, pampu inakwama, injini inazimika ukiwa mwendoni. Hakuna fundi atakayeiona kwa macho. Namba ya chasisi tu ndiyo itakuambia.

Tazama na zulia la dereva. Usidharau. Agosti 2009, karibu na San Diego, Marekani, Lexus ES 350 iliua watu wanne baada ya pedali ya mafuta kunaswa na zulia la modeli nyingine lililowekwa ndani yake. Zulia liwe la gari hilo hilo, lishikwe na ndoano zake, na lisiwe juu ya zulia jingine.

2. Volvo

Bodi zake zimeokoa watu wengi, nami naiheshimu kampuni hii. Lakini Julai 2020 iliita magari zaidi ya milioni 2, yakiwamo S60, V60, XC60, V70, XC70 na S80 yaliyoundwa kati ya 2006 na 2019. Waya wa chuma unaoushikilia mkanda wa kiti cha mbele huchoka kadiri miaka inavyokwenda. Mkanda wenyewe unafunga vizuri kila asubuhi, unabofya kama kawaida, na hautakupa dalili yoyote. Ukithibitisha kuwa kazi hiyo ilifanyika, Volvo inashindana na Lexus kwa karibu sana. Usipothibitisha, usiinunue kwa sifa ya jina.

3. Mercedes-Benz E-Class, ila chagua mwaka

Hapa miaka michache inabadilisha kila kitu. E-Class ya kizazi kinachoitwa W211, ile ya mwanzo, kabla ya maboresho ya 2006, ina breki za umeme zinazoitwa SBC. Ukikanyaga pedali, unatuma ujumbe kwa kompyuta, nayo ndiyo inayosukuma mafuta ya breki. Kompyuta ikigoma, zinabaki breki za mbele tu, na pedali inadai nguvu nyingi zaidi ya mguu. Mercedes iliita magari yapatayo 680,000 mwaka 2004, kisha milioni 1.3 mwaka 2005 kwa hitilafu kadhaa, za breki hizo zikiwamo, na katika maboresho ya 2006 ikauondoa mfumo huo kwenye E-Class. Kifaa cha SBC kinahesabu mara ambazo breki zimekanyagwa, na hesabu ikifika kikomo kinadai kibadilishwe. Wapo mafundi wanaorudisha hesabu hiyo nyuma kwa kompyuta na kulifungua gari liuzwe. Ukiona maneno ya onyo la breki kwenye dashibodi ya W211, au muuzaji akisema tayari "limeshasafishwa", ondoka.

Kizazi kilichofuata, W212, kilichoanza 2009, hakina SBC, na kwayo naipa E-Class nafasi ya tatu. Shida yake iko nyuma, chini: fremu ndogo inayobeba magurudumu ya nyuma hula kutu kutoka ndani, sawasawa na ndugu yake C-Class ya W204. Kwa nje inaweza kuonekana na rangi nzuri. Liinue gari, igonge fremu hiyo pote kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kadibodi. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa sehemu hiyo peke yake ni sababu ya kugonga zaidi, si ya kufurahi.

Kwa anayetaka SUV ya Mercedes, habari ni nzito zaidi. Mwaka 2022 kampuni iliita karibu magari milioni moja ya ML, GL na R-Class yaliyoundwa kati ya 2004 na 2015, kwa sababu kutu hujificha kwenye busta ya breki, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu wako, chini ya kifuniko cha mpira. Wenye magari waliambiwa wasiyaendeshe kabla hayajakaguliwa.

4. BMW Series 5 na X5

Napenda zinavyokamata barabara. Ninachokiogopa ni moto. Mwaka 2018, baada ya magari kadhaa ya dizeli kuungua Korea Kusini, BMW ilipanua wito wake hadi magari yapatayo milioni 1.6 duniani: kipozeo cha moshi unaorudishwa kwenye injini huvuja majimaji, yakachanganyika na masizi, yakashika moto. Upungufu wa maji ya kupozea usio na sababu kwenye dizeli ya BMW si jambo la kuongezea maji na kuendelea. Kwa Series 3 ya zamani, ile ya E46, fungua buti, inua zulia, tazama chuma cha sakafu kinapofungwa fremu ya nyuma. Hupasuka nyufa, na nyingine zimefunikwa kwa gundi na rangi.

5. Porsche Cayenne

Mwaka 2016 Porsche iliita zaidi ya Cayenne 400,000 za kuanzia 2011 kwa sababu ya kipete kidogo kwenye mhimili wa pedali kinachoweza kulegea. Cayenne za kwanza za V8 nazo zina mabomba ya plastiki ya maji ya injini, ambayo joto huyapasua. Ni gari zito na lenye kasi, hivyo limevaa breki kubwa, na anayelinunua kwa bei ya chini mara nyingi huzifunga pedi rahisi kuliko zote. Vua gurudumu uone mwenyewe.

6. Range Rover

Springi zake za hewa zikivuja, kona moja inashuka usiku. Mwombe muuzaji alipaki gari saa kadhaa, urudi ulipime kwa macho kutoka nyuma. Ukikuta ameliwasha injini dakika tano kabla hujafika, alikuwa analiinua. Tena, kwenye baadhi ya dizeli za V6 za lita 3, krankshafti, mhimili mkuu wa injini, huvunjika bila onyo, nguvu zinakwisha ghafla katikati ya msafara wa malori. Kumbukumbu kamili za matengenezo zinaweza kulipandisha gari fulani nafasi mbili. Bila hizo linabaki hapa.

Nje ya orodha: lililofufuliwa, lililozama

Hapa chapa haina maana. Lexus iliyokatwa nusu na kuunganishwa na nusu nyingine ni hatari kuliko Range Rover yoyote. Bodi ya kisasa ina vyuma vigumu mno, vilivyopangwa vikunjike mahali fulani na visikunjike pengine. Fundi akivipasha moto ili avinyooshe, havirudi kuwa vile vilivyokuwa.

Kipima unene wa rangi ni kidogo kama simu, na kinafaa kuliko macho ya wajuzi kumi. Rangi ya kiwandani mara nyingi huwa kati ya mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 80 na 180. Paa likisoma 110 na ubavu ukasoma 600, chini ya ubavu huo pana poda ya kujazia mabonde. Bampa lililopakwa upya silijali sana. Nguzo za milango, paa na vyuma vya mbele vinavyobeba injini ndivyo vinavyonitia hofu.

Kisha vuta mikanda. Ivute yote mpaka mwisho, polepole. Mstari wa matope au doa la maji karibu na mwisho wake ni ushahidi wa gari lililozama, kwa sababu wanaosafisha viti husahau kamba iliyojikunja ndani. Chini kabisa ya mkanda kuna lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa ni ya miaka miwili baada ya gari, mkanda ulibadilishwa. Uliza uliharibiwa na nini. Linganisha pia tarehe zilizochapwa kwenye vioo vyote. Gari lililozama huwa linaenda vizuri kwa miezi kadhaa, kisha kutu ya kijani inaingia kwenye viunganishi vya nyaya chini ya zulia, halafu kwenye kompyuta za breki na mifuko ya hewa. Inua zulia uguse sponji kwa kidole.

Mtafute fundi mwenye mashine ya kompyuta inayosoma chapa hiyo, si ile ndogo inayosoma injini tu. Magari haya huhifadhi kilomita katika kompyuta zaidi ya moja, na anayerudisha nyuma ile ya dashibodi mara nyingi huzisahau nyingine. Kama kumbukumbu za makosa zimefutwa zote asubuhi hiyo hiyo, liendeshe kilomita hamsini, kisha lisomwe tena.

Ubavuni mwa tairi kuna msimbo ambao namba zake nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri na umri wa miaka kumi ni la kutupa, hasa kwenye gari linalofika kilomita 200 kwa saa bila kuonyesha.

Ukishalinunua, kabla ya safari ndefu badilisha mafuta ya breki, maana hunyonya maji polepole na huchemka unaposhuka mlima. Rudia kuulizia namba ya chasisi mara moja au mbili kila mwaka, kwa sababu wito mpya hutangazwa hata kwa magari yenye umri wa miaka kumi na tano, na safari hii uiache anwani yako kwa wakala.