Wakala wa ajira Westlands: kazi wanaijua, lakini payslipu yangu wangeiacha

Nawapa nyota tatu kati ya tano, na hiyo ya tatu wameipata kwa jasho. Jina lao silitaji, maana mwajiri wangu mpya bado ni mteja wao na mimi sijamaliza hata kipindi cha majaribio. Wapo Westlands, wanatafutia kampuni wahasibu, watu wa stoo na watu wa mishahara kama mimi.

Mazuri kwanza, maana yapo. Hawakuniomba hata shilingi: si ya usajili, si ya kufungua faili, si ya "mafunzo ya mahojiano". Aliyetafuta kazi Nairobi anajua hilo si jambo dogo. Wakisema watapiga simu Alhamisi, Alhamisi wanapiga. Na dada aliyeshughulikia faili yangu alikuwa amesoma wasifukazi wangu mpaka mwisho. Aliniuliza niliwezaje kuhamisha mishahara ya wafanyakazi wote kutoka karatasi za Excel kwenda kwenye mfumo mpya bila mtu kukosa pesa yake ya mwezi ule, swali ambalo bosi wangu wa zamani mwenyewe hakuwahi kuniuliza. Kwa hapo nilikuwa tayari kuwapa nyota zote tano.

Kisha ikaja barua pepe baada ya mahojiano ya kwanza. Nitume payslipu za miezi mitatu, P9 ya mwaka uliopita (fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka mzima) na taarifa ya benki ya miezi sita. Barua ya ajira haijaandikwa, mshahara wa nafasi yenyewe haujatajwa, na tayari wanataka kuingia jikoni kwangu na kufunua sufuria.

Payslipu mimi ndizo kazi yangu, mwisho wa mwezi huzitoa za watu wengi, kwa hiyo najua kinachokaa kwenye karatasi ile. Kuna namba ya kitambulisho, PIN ya KRA, yaani ya mamlaka ya kodi, namba ya NSSF ya akiba ya uzeeni, mara nyingi na akaunti ya benki. Kuna mkopo wa sacco na kiasi kilichobaki. Kuna HELB, mkopo wa chuo. Wapo ambao kuna kato la amri ya mahakama, la kutunza watoto au la deni. Niliwahi kushika payslipu ya mwenzetu iliyokatwa mpaka kilichobaki kikakaribia theluthi moja ya mshahara, ule mpaka ambao Sheria ya Ajira inasema kinachobaki kisishuke chini yake, na nikajua mambo ya nyumba yake ambayo hata dada zake hawakuyajua. Sasa karatasi hiyo inatumwa kwa barua pepe kwa mtu ambaye huenda asikuajiri kamwe.

Wapo wanaosema, basi ziba tarakimu za mshahara kwa wino, utume. Haitasaidia. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 ya mshahara wote kabla ya makato, na kato la SHA, bima ya afya, ni asilimia 2.75. Nikiona ushuru wa nyumba ni shilingi 1,275, nagawanya kwa 0.015 napata 85,000, na chai yangu haijapoa. Ukitaka kuficha, itabidi uzibe karatasi nzima.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayowakamata wanaokimbilia River Road kutengenezewa payslipu nono. Fundi anaandika mshahara 120,000 kwa maandishi mazuri kabisa, halafu anasahau kubadilisha ushuru wa nyumba, unabaki 1,275 wakati ungepaswa kuwa 1,800. Mtu wa mishahara analiona kosa hilo kabla hajavaa miwani. Na hata fundi asipokosea, hiyo ni hati ya kughushi: ikigundulika hata ukiwa umeshaanza kazi, unaondoka nayo.

Nikampigia simu yule dada.

"Madam, ni utaratibu tu," akasema. "Mteja anataka kuhakiki."

"Kuhakiki nini, dada?"

"Mshahara wako wa sasa."

"Mshahara wangu sijawaambia. Mtahakiki kitu ambacho sijasema?"

Akacheka, na nikampenda kwa kucheka. Kisha akajaribu mlango mwingine: eti KRA wanahitaji, ili kodi yangu isichanganyike. Hapo alikuwa amekosea mtu wa kumwambia. PAYE, kodi ya mshahara, hapa kwetu inakatwa mwezi kwa mwezi. Mwajiri mpya anahitaji PIN yangu, namba za NSSF na SHA, kitambulisho na akaunti ya kunilipa. Nililipwa nini kwingine, kwake si hesabu. Mimi mwenyewe ndiye nitakayechukua P9 mbili, ya kule na ya huku, nijaze kwenye iTax, mtandao wa KRA, kabla ya Juni 30.

Sababu ya kweli kila mtu kwenye fani hii anaijua. Wanachukua mshahara wako wa zamani, wanaongeza asilimia kumi na tano au ishirini, wanakuambia "tumekuboreshea". Ukitoka na 85,000 utapewa kama 102,000, hata kama kampuni ilikuwa imetenga 150,000 kwa kiti hicho. Aliyelipwa vibaya mahali pa kwanza anabeba umaskini ule kila ofisi anayoingia. Nimewaona kwenye orodha zangu: meza mbili zinatazamana, kazi ileile, cheo kilekile, mmoja anampita mwenzake kwa mbali kwa sababu tu alikuja na payslipu nene. Na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kazi ya thamani sawa ilipwe sawa.

Niwe mkweli kuhusu sheria, maana kuna watu wanajibu kwa vitisho visivyo na miguu. Sheria hiyo ya ajira haina kifungu kinachomkataza mwajiri kuuliza ulikuwa unalipwa nini. California walipiga marufuku swali hilo tangu Januari 2018, sisi hatujafika huko. Tulicho nacho ni kifungu cha 31 cha Katiba, kinachokukinga usidaiwe habari za mambo yako ya faragha bila sababu ya lazima, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka anayekusanya habari zako akueleze anazitaka za nini, na achukue zile zinazohitajika tu. Taarifa ya benki ya miezi sita, inayoonyesha nimemtumia mama pesa ngapi na natoa sadaka wapi, inahitajika kwa lipi katika kazi ya kupanga mishahara ya watu wengine?

Kwa hiyo nikawaandikia, bila ukali. Nilisema mambo ya malipo kwa mwajiri wangu ni siri kwa mujibu wa mkataba wangu. Nikasema natarajia kati ya 130,000 na 150,000 kabla ya makato, nikauliza bajeti ya nafasi ni kiasi gani, nani atazisoma hati hizo na zitatunzwa kwa muda gani. Nikaambatisha cheti cha utumishi cha mwajiri niliyekuwa naye kabla ya huyu. Cheti hicho wengi hawakidai, na ni haki yao chini ya kifungu cha 51: kinataja jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na kumaliza, kazi uliyofanya na mahali. Mshahara si miongoni mwa mambo ambayo kifungu kile kinataka uandikwe, na hapo ndipo utamu wake ulipo.

Hapa nimalizie upande wao nao, wasije wakaonekana majambazi. Kuna wakati kuombwa payslipu ni haki. Ukienda benki kukopa, lazima waone kama utaweza kulipa. Na ukijitapa kwenye mahojiano kuwa unalipwa 140,000 ili wapandishe dau, usishangae wakikuambia thibitisha. Mimi sikutaja chochote, kwa hiyo sikuwa na la kuthibitisha.

Walinyamaza siku kadhaa, nikadhani mambo yameishia hapo. Kisha dada akapiga: mteja amekubali kuendelea bila payslipu, na bajeti inaishia 145,000. Ya taarifa ya benki hakuna aliyeitaja tena, na ukweli kwamba waliiacha kimyakimya unanionyesha haikuwa na kazi tangu mwanzo. Tulimalizia 138,000. Nyota ya tatu ni ya simu hiyo, maana najua mawakala ambao wangetupa faili yangu kapuni na kumpigia anayefuata.

Nyota mbili zilizobaki ni rahisi kuzipata wakizitaka. Waandike bajeti kwenye tangazo la kazi. Na ile barua pepe ya kudai hati, ambayo ni wazi wanaitumia kila mtu bila kuibadilisha, waifute. Mhitimu wa juzi aliyefanya kazi mwaka mmoja hatabishana nao kama nilivyobishana, atatuma kila kitu usiku huohuo akiwa kwa saiba.

Ukienda kwao, omba dada anayeshughulikia kazi za uhasibu. Beba cheti cha utumishi, uliza bajeti kabla hujaulizwa mshahara wako, na ukiwa umeshawatumia payslipu usiogope kuwaandikia wazifute, sheria ya data inakuruhusu kuomba hivyo. Wakikataa, malalamiko hupokelewa na ofisi ya Kamishna wa Data, ambayo imepewa siku 90 kuyashughulikia.